Wali kwa Nyama katika Mji wa Dar es Salaam

Mtu apitaye katika mitaa ya Kariakoo wakati wa adhuhuri, ikiwa ni Mtaa wa Mkunguni, au wa Sikukuu, au wa Narung'ombe, hana haja ya kuuliza saa. Harufu ya vitunguu vinavyokaangwa na ya bizari nyembamba humjulisha kwamba wakati wa chakula umewadia. Na chakula chenyewe ni cha kawaida kabisa: wali, mchuzi wa nyama ya ng'ombe, maharage kando, kachumbari juu yake, na pilipili kwa atakaye. Wenyeji wa mji hukihesabu kuwa ni chakula cha nyumbani, na watu watokao bara hukihesabu kuwa ni chakula cha Waswahili. Waandishi wa tarehe hupenda zaidi vita na mikataba kuliko vyungu na sufuria. Walakini sahani hii nayo ina tarehe yake, na tarehe hiyo yahusu bahari tatu, vita vikuu viwili, na swali moja ambalo serikali ya kikoloni ililijibu vibaya: ni nani astahiliye kula wali?

Yafaa kuanza na lugha, kwa kuwa lugha huhifadhi mambo ambayo karatasi haziyahifadhi. Kiswahili hakina neno moja la nafaka hii, bali kina matatu. Ikiwa shambani au ikiwa bado na maganda yake huitwa mpunga. Ikisha kutwangwa na kupepetwa huitwa mchele. Ikisha kupikwa huitwa wali. Zaidi ya hayo, punje zisizoambuka maganda huitwa chuya, na sehemu ya wali igandayo chini ya sufuria huitwa ukoko, nayo hugombaniwa na watoto. Maneno haya makuu matatu ni ya Kibantu. Wahispania, walioishi kwa karne nyingi karibu na Waarabu wa Andalusia, walichukua kwao mpunga pamoja na jina lake, hata leo huuita *arroz*. Kiswahili kilichukua kwa Waarabu maneno mengi sana ya dini, ya sheria na ya biashara, lakini hakikuchukua jina la nafaka hii. Mtu haazimi jina la kitu ambacho nyumbani kwake kimekwisha kupata majina matatu.

Ushahidi wa ardhi waafikiana na ushahidi wa lugha. Wachimbaji wa mambo ya kale waliochunguza punje zilizoungua katika kisiwa cha Pemba wameona kwamba huko Tumbe, mji uliokaliwa kati ya karne ya 7 na ya 10, chakula kikubwa kilikuwa uwele, na mpunga ulikuwa kidogo. Huko Chwaka, mji uliofuata, tangu karne ya 11 mpunga ndio uliotawala. Kwa hiyo mpunga, uliotoka Asia kwa njia ya Bahari ya Hindi, ulikuwa umekwisha kuwa mmea wa wenyeji wa pwani miaka mingi kabla ya meli ya kwanza ya Mzungu kuonekana katika bahari hii.

Ibn Battuta, msafiri wa Tanja, alifika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1331, akapita Mogadishu, Mombasa na Kilwa. Huko Mogadishu alikirimiwa, na kwa bahati njema aliandika alicholishwa. Aliletewa wali uliopikwa kwa samli, umetiwa katika chombo kikubwa cha mti, na juu ya wali huo vimewekwa vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Kando yake palikuwa na maziwa ya mgando, malimau ya achari, pilipili zilizotiwa siki na chumvi, tangawizi mbichi na maembe. Akastaajabu kwamba mtu mmoja wa mji ule hula chakula ambacho kwao kingetosha kundi la watu. Mswahili wa leo asomapo maelezo hayo hayaoni kuwa mageni. Chombo cha mti ni chano, ambacho baadaye kilibadilishwa na sinia la shaba na la bati. Wali uko chini, kitoweo kiko juu, na vitu vikali na vichachu viko pembeni ili kuamsha ulimi.

Lakini msomaji mwangalifu ataona kwamba katika karamu ile kuna upungufu. Nyanya hazikuwapo. Maharage mekundu hayakuwapo. Na zile pilipili zilizotiwa siki hazikuwa pilipili za siku hizi, kwani pilipili kali tunayoifahamu leo ilikuwa bado ng'ambo ya bahari ya Atlantiki, katika nchi ya Meksiko na jirani zake, ambako hapana mtu wa Afrika, wala wa Asia, wala wa Ulaya aliyepata kuionja. Vitu hivi vilivuka bahari baada ya mwaka 1492, na Wareno, waliofika pwani hii mwaka 1498, ndio wanaohesabiwa kuwa wachukuzi wake wakubwa. Wareno hawakuacha maneno mengi katika Kiswahili. Waliacha *meza*, ambayo juu yake chakula huandaliwa, na waliacha *gereza*, lililotokana na neno lao la kanisa, ambalo leo limo katika jina la mtaa wa Gerezani, jirani wa Kariakoo. Waliacha pia mimea, na mimea hiyo imedumu kuliko ngome zao.

Namna wenyeji walivyoipokea mimea hiyo yaonekana katika majina. Pilipili lilikuwa jina la punje nyeusi za Bara Hindi. Ile pilipili mpya ilipoingia, ikaotoka vizuri uani, ikawa haina bei, ilimnyang'anya mwenye jina jina lake. Na ile ya zamani ikalazimika kuongezewa nasaba, ikaitwa pilipili manga, yaani pilipili ya Uarabuni. Nyanya vivyo hivyo ilipewa jina ambalo hata sasa ni shirika kwake na kwa nyanya chungu, tunda la Kiafrika. Mahindi, nafaka ya Meksiko, yalipewa jina la Wahindi, kana kwamba kila kitu kiletwacho na bahari hakina budi kuwa kimetoka upande wa jua litokapo. Mswahili hakuulizia pasipoti ya chakula. Alikionja, akakipa jina lililokuwa karibu, akakitia chunguni.

Wakati huohuo safari ilikuwa ikienda upande wa pili pia. Wahispania waliivamia Meksiko, wakauangusha mji wake mkuu mwaka 1521, wakapeleka huko ng'ombe, ambao nchi ile haikuwa nao, pamoja na mpunga, vitunguu, ndimu na bizari nyembamba. Tangu 1565 mpaka 1815 merikebu zao zilivuka Pasifiki kati ya Manila na Acapulco, na kwa njia hiyo Meksiko ikawa imefungamana na Asia pia. Baada ya vita vya 1846–1848 Marekani iliichukua sehemu kubwa ya nchi ya Meksiko ya kaskazini, na watu waliobaki humo, pamoja na waliohamia baadaye, wakakuza upishi wao wenyewe. Mojawapo ya matunda ya upishi huo, ambalo siku hizi limeenea katika miji ya Marekani, ni bakuli la wali lililowekwa juu yake nyama ya ng'ombe iliyotiwa bizari nyembamba, maharage, nyanya zilizokatwakatwa na vitunguu, pilipili, ndimu, na pengine parachichi. Mkaazi wa Kariakoo akipewa bakuli hilo, hapana jambo la kumshangaza ila jibini. Zile nyanya na vitunguu ataziita kachumbari. Harufu ya nyama ataijua kuwa ni jamaa ya pilau. Watu wawili wasioonana walipewa vitu vilevile, mmoja akawa na wali na ng'ombe akangoja nyanya na pilipili, mwingine akawa na nyanya na pilipili akaletewa wali na ng'ombe, na wote wawili wakafika mahali pamoja.

Tofauti iliyopo si ya sahani, ni ya namna vitu vilivyofika. Upande mmoja vilikuja na maangamizi ya dola nzima. Upande huu, kwa sehemu kubwa, vilikuja kwa upepo wa kusi na wa kaskazi, vikauzwa na kununuliwa. Lakini Dar es Salaam nayo haikusalimika na nguvu, na hapo ndipo tarehe ya Kariakoo inapoanza.

Mji huu ni mchanga. Sultani Majid wa Unguja aliuanza katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na Wajerumani wakaufanya makao makuu ya koloni lao mwaka 1891. Wali wake ulitoka karibu, hasa katika bonde la Rufiji, ambalo katika karne ya 19 lilikuwa likipeleka mpunga Unguja. Nyama ilikuwa na njia ndefu zaidi. Sotoka ya miaka ya 1890 ilikuwa imeyaua makundi makubwa ya ng'ombe wa bara, na pwani yenyewe, kwa sababu ya ndorobo, si nchi ya mifugo. Reli ya Kati, iliyofika Dodoma mwaka 1910, Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, iliunganisha mji na nchi za wafugaji. Hivyo mchuzi wa nyama ya ng'ombe, ambao leo waonekana kuwa wa pwani kama mnazi, wategemea sana Ugogo na Usukuma.

Mwaka 1914 Wajerumani walikuwa wamejenga jengo kubwa lililo wazi pande zote, nalo lilikusudiwa kwa maonyesho ya koloni. Vita vikaja, maonyesho hayakuwa. Waingereza waliuteka mji mwaka 1916, na mahali hapo wakapafanya kambi ya wapagazi wa jeshi, waliokuwa wakiitwa kwa Kiingereza Carrier Corps. Vinywa vya watu vikaligeuza jina hilo kuwa Kariakoo. Kila anunuaye nyanya sokoni hulitaja jina la watu wale, na wachache hukumbuka jinsi walivyokufa. Makumi ya maelfu ya wapagazi waliangamia katika vita ile, na walioangamia kwa maradhi walikuwa wengi mno kuliko walioangamia kwa risasi. Moja ya maradhi makubwa lilikuwa kuhara damu, na moja ya sababu zake lilikuwa chakula chenyewe: unga wa mahindi uliogawiwa kwa watu wengi ambao kwao ulikuwa mgeni, waliozoea wali, au ndizi, au mtama, tena wakiupika upesiupesi mwisho wa safari ya siku nzima, kwa kuni mbichi, usiive. Jeshi lilihesabu uzito wa posho, halikuhesabu desturi ya mlaji wala muda wa mpishi. Kwa hiyo soko kubwa la vyakula la nchi hii lina jina la watu waliouawa kwa chakula kisichoiva.

Baada ya vita mji uligawanywa sehemu tatu, ambazo watu waliziita Uzunguni, Uhindini na Uswahilini, na uwanja wa Mnazi Mmoja ukaachwa wazi kati ya Uhindini na Kariakoo. Jengo lile la Wajerumani likawa soko, na mitaa iliyonyoka ikapimwa kulizunguka. Nyumba zilizojengwa humo ni zile ziitwazo nyumba za Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba vitatu kuume na vitatu kushoto, na nyuma yake ua. Katika ua huo wapangaji wa makabila mbalimbali walipika pamoja, kila mmoja na jiko lake, mmoja akisonga ugali, mwingine akikuna nazi, mwingine akichambua mchicha. Hapana shaka kwamba ua wa Kariakoo uliwafundisha watu wengi kupika wali wa nazi kuliko mwalimu yeyote. Mwanamke aliyetoka Unyamwezi aliazima mbuzi ya kukunia nazi kwa jirani yake Mzaramo, na baada ya mwaka akaazimwa yeye.

Ndipo ikaja Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1942 Wajapani waliiteka Burma, nchi ambayo mchele wake ulikuwa ukilisha bandari nyingi za Bahari ya Hindi, na upungufu ukafika mpaka pwani hii. Katika Dar es Salaam serikali ilianzisha mgao wa vyakula. Mgao wenyewe ulikuwa wa lazima. Msingi wake ndio uliokuwa na kasoro, kwani watu waligawiwa kwa rangi. Mwafrika alihesabiwa kuwa mlaji wa unga wa mahindi, Mhindi kuwa mlaji wa mchele, na Mzungu kuwa mlaji wa ngano. Aliyepanga hivyo huenda alidhani kwamba anafuata desturi. Tarehe iliyoelezwa hapo juu yaonyesha jinsi alivyokosea. Mahindi, aliyoyafanya kuwa chakula cha asili cha Mwafrika, yalikuwa mgeni kutoka Meksiko. Mpunga, alioufanya kuwa wa Mhindi peke yake, ulikuwa umepikwa Pemba tangu karne ya 11. Mtu wa pwani ambaye babu yake na babu wa babu yake walikula wali alikuta kwamba, kwa mujibu wa karatasi, wali si wake.

Yafaa ieleweke kwamba jambo hili halikuwa la tumbo tu. Katika pwani wali ni chakula cha heshima. Wali hupikwa katika harusi, katika maulidi, katika hitima na siku ya Idi, na mgeni asiyepikiwa wali hudhani kuwa hakupokewa. Kumwambia mtu kwamba kabila lake halili wali ni kumwambia kwamba hana wageni, wala harusi, wala maiti wa kusomewa. Tena kosa hilo lilikuwa lilelile la kambi ya wapagazi, likirudiwa kwa kalamu badala ya kijiko: mtawala kuamua kwamba amjua mlaji kwa sura yake. Manung'uniko ya miaka ile kuhusu bei na posho yalichangia katika migomo ya bandarini, na ule wa Septemba 1947 uliacha gati na kufuata reli mpaka bara. Na katika miaka iliyofuata vita serikali iliingia ubia na kampuni ya Liebig katika kiwanda cha Tanganyika Packers huko Kawe, kilichotia nyama ya ng'ombe makoponi ili iuzwe ng'ambo. Ng'ombe wa Usukuma akawa na njia fupi ya kwenda Uingereza kuliko ya kwenda Narung'ombe, ijapokuwa mtaa huo wamtaja ng'ombe kwa jina.

Chama cha TANU kilianzishwa tarehe 7 Julai 1954 papo hapo Kariakoo, na uhuru ukapatikana mwaka 1961. Baada ya uhuru mgao kwa rangi haukurudi, lakini upungufu ulirudi. Ukame wa 1973 na 1974, na shida zilizofuata vita vya 1978–1979 dhidi ya Idi Amin, ziliwarudisha watu katika foleni. Mchele ulikuwa wa bahati, na nyumba nyingi zilikula unga wa njano uliotoka Marekani, ambao wenyeji, kwa mzaha wao, waliuita Yanga kwa rangi ya klabu mashuhuri ya mpira. Tofauti na zamani ni kwamba safari hii wakubwa wa foleni na wadogo wake walikuwa wa rangi zote, na uchungu wake ulikuwa wa namna nyingine. Soko jipya, lililobuniwa na msanifu Beda Amuli, lenye mapaa ya zege mfano wa miavuli iliyopinduliwa, lilifunguliwa mwaka 1975. Na reli ya TAZARA, iliyoanza kazi katika miaka hiyohiyo, ikafungua njia ya mchele wa Kilombero na Mbeya. Serikali ilipolegeza masharti ya biashara mwaka 1984, sufuria zilitoka uani zikaja barabarani. Wanawake waliouza chakula hicho wakaitwa mama ntilie, kutokana na ombi la mlaji mwenye haraka: mama, nitilie.

Upishi wenyewe, kwa watu wa nyumbani, haukubadilika sana. Mchele hupepetwa kwa ungo na kuchaguliwa chuya na vijiwe, kisha huoshwa mpaka maji yawe meupe kidogo tu. Nyama ya ng'ombe, aghalabu yenye mifupa, huchemshwa kwa chumvi, tangawizi na kitunguu saumu, na supu yake haimwagwi. Vitunguu hukaangwa polepole mpaka viwe rangi ya kahawia, na mpishi asiye na subira hujulikana hapo. Ikiwa ni pilau, hufuata bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini, karafuu na hiliki, kisha nyama, kisha mchele, kisha supu. Ikiwa ni wali wa nazi, mchele hupikwa kwa tui, na nyama hupata mchuzi wake wa nyanya katika sufuria nyingine. Maji yakisha kukauka, moto hupunguzwa chini, na wali hupaliwa makaa juu ya kifuniko, ili mvuke umalize kazi. Kachumbari hukatwa mwisho kabisa, ikatiwa ndimu, isije ikatoa maji. Katika kazi hiyo ya saa moja na nusu mpishi amegusa Asia, Meksiko, Uarabuni, Unguja na Ugogo, na hakutoka uani mwake.

Usiku wa tarehe 10 Julai 2021 soko la Kariakoo liliungua moto, na ikabidi lijengwe upya. Wafanyabiashara walitawanyika, bei zikayumba, lakini mitaani sufuria ziliendelea kuwekwa motoni. Wahenga walisema mchele mmoja mapishi mengi, na watu wengi huifahamu methali hiyo kuwa ni sifa ya wapishi. Tarehe ya Kariakoo yaruhusu kuifahamu pia kuwa ni onyo kwa wenye kugawa. Mchele waweza kupimwa kwa pishi na kibaba, na katika shida hauna budi kupimwa. Lakini aliyepika kwa namna gani, na wali ni wa nani, hayo hayakuwahi kujulikana kwa kutazama rangi ya mtu aliyesimama mbele ya mizani. Na wapagazi ambao soko lina jina lao hawakuulizwa.